Baruti ya Chekechea

Orville Hruska alikuwa na sheria moja tu kwenye chumba chake cha chini ya nyumba, na sheria hiyo haikuwa na msamaha: kopo moja la baruti mezani. Ukitaka baruti nyingine, ile ya kwanza inafungwa na kurudi rafuni, ndipo ya pili inashuka. Stan Wojcik, rafiki yake wa tangu enzi za mgodi, aliisahau siku moja. Aliweka kopo lake kando ya lile la mwenye nyumba huku akisimulia habari za kulungu aliyemkosa. Alitolewa nje na kikombe chake cha kahawa mkononi, theluji inamdondokea kwenye upara, wala hakualikwa tena mpaka Pasaka. Na huyo Stan ndiye mwenye duka la baruti pale mjini, jamani!

Ndiyo maana Jolene, binti pekee wa Orville, alidhani anataniwa Stan alipompigia simu Jumamosi asubuhi.

"Jo, kaa kwanza," Stan alisema. "Baba yako mzima. Vidole vyote vipo, macho yote yapo. Ila jana klabuni ametutia kiwewe."

Jana klabuni, zamu ya Orville ilipofika ya kulenga shabaha, risasi moja ilitoa mlio ambao bastola ile haijawahi kuutoa. Watu wote kwenye mstari waliweka silaha chini bila kuamriwa. Orville alibaki amenyoosha mkono, anaitazama bastola kana kwamba amepewa ya mtu mwingine. Ganda la risasi lilikuwa limevimba ndani ya silinda, kulitoa ikabidi kuligonga na kijiti. Bastola yenyewe ya zamani, chuma kinene, na unene huo ndio uliomponya.

"Ganda moja limetiwa baruti mara mbili," Stan alisema. "Orville huyu huyu! Angefanya mwingine, angekuwa ameshafukuzwa na Orville mwenyewe. Kamati imesema arudi, lakini ikitokea tena, ndiyo mwisho wake klabuni. Mimi kamati siiogopi, Jo. Naogopa mara ya pili itaondoka na jicho. Njoo uichukue ile mashine yake ya kushindilia risasi uifiche huko kwako."

Jolene alikuwa fundi wa lifti huko Pittsburgh, mwanamke wa kufikiri kwa mikono. Njia nzima ya kurudi kwao alishika usukani akiwaza chumba kile cha chini, na alipoanza kukiwaza, machozi hayakumsubiri.

Chumba kile ndicho kilichomlea. Majira ya baridi mama yake alikuwa akifanya zamu ya jioni kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, basi baba na mtoto walikuwa wakishuka chini baada ya kula, redio ikipiga muziki wa polka, na kushindilia risasi zao wenyewe kwa ajili ya ligi ya klabu. Ganda lililokwisha kupigwa unalisafisha, unalipa fataki mpya, unalitia baruti, unalifunga kichwa kipya cha risasi. Jolene alisimama juu ya kreti la soda ili afike mezani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya tochi: baba anavuta kipini cha kipimo cha baruti, baruti inashuka gandani, mtoto anamulika ndani na kusema "sawa". Asiposema sawa, hakuna kinachoendelea. Hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu mzima alikuwa akimsubiri yeye aseme.

Baadaye akapewa kipini. Na hapo ndipo ilipoingia baruti ya chekechea.

Ukizitazama kwa macho tu, baruti za bastola ni vumbi la kijivu, basi. Mwenye kuzijua ataona mengi. Orville alipenda Barlow Safi, punje ndogo, nzito, zinazoteleza kwenye kipimo kama mchanga mkavu. Kiasi kidogo tu kinalala kwenye kitako cha ganda. Haichafui bastola, na inapiga palepale ulipolenga. Ila ina ubaya wake: ganda likiipokea mara mbili, bado linabaki na nafasi, na halikuambii kitu. Lazima umulike.

Barlow Pana ni kinyume chake. Vipande vyake ni bapa na vyepesi, kama pumba za ngano. Inakwama kwenye kipimo, inatoa moshi, inachafua mpaka kucha. Lakini inajaza ganda karibu na mdomo. Ukiitia mara mbili inafurika mezani, unaliona kosa lako kabla halijaingia kwenye bastola. Wanaojifunza hupewa hiyo, na klabuni waliibandika jina la baruti ya chekechea. Mtu mzima aliyeonekana nayo alichekwa mpaka akaificha garini.

Jolene mdogo alifurisha ganda mara nyingi. Baba yake hakumkaripia hata siku moja. Alikuwa na desturi yake: ukimwaga, unaacha kila kitu, unaosha mikono, unakunywa soda ya tangawizi kutoka kwenye friji bovu la pembeni, halafu mnaanza upya, taratibu. "Meza imesema," Orville alikuwa akisema. "Ikisema, tunapumzika." Na Jolene, mjanja kuliko sungura, akagundua kwamba ukivuta kipini mara mbili unapata soda. Kuna majira ya baridi ambayo meza ilisema karibu kila jioni.

Alipofika mjini, Jolene akapita kwanza dukani kwa Stan.

"Mnunulie risasi za dukani," Stan alimwambia, akiegemea kaunta. "Masanduku haya hapa. Mwisho wa maneno."

"Risasi za dukani? Baba? Anasema ni kama kula pierogi za friza."

"Basi mashine ifichwe."

"Ukimfichia mashine atakaa kwenye kiti kile cha mbele ya televisheni, na hatainuka tena. Unamjua."

Stan alikuwa anamjua. Akajikuna upara. Jolene alipita mbele ya rafu ya makopo, akayasoma moja moja. Kuna inayowaka haraka mno, hiyo hapana. Kuna mpya inayosifiwa, punje zake ndogo kama za ile ya zamani, hiyo nayo hapana. Mkono wake ukasimama mwisho wa rafu, chini, palipokuwa na vumbi.

"Hiyo?" Stan akaangua kicheko. "Mama wee! Orville Hruska na baruti ya chekechea! Ataniuliza amenikosea nini mpaka..." Kicheko kikamkatikia njiani. Akalitazama kopo, akamtazama Jolene. Kisha akachukua kitambaa, akalipangusa vumbi polepole, akalitia kwenye mfuko wa karatasi. "Usimwambie imetoka kwangu," alisema kwa sauti ndogo.

Jumapili, wakitoka misa, baba na binti walikula pierogi za kina mama wa kanisani, vile vifurushi vya unga vyenye viazi ndani, vimekaangwa kwa siagi na vitunguu. Orville hakutaja Ijumaa. Alizungumzia paa, akazungumzia kulungu, akamzungumzia hata padri mpya na viatu vyake. Jolene akamwacha amalize, kisha akashuka naye chini.

Mezani kulikuwa na kopo la Barlow Safi, mahali pake pa siku zote. Jolene akatoa lile lake mfukoni na kuliweka kando ya lile la baba yake.

Makopo mawili mezani.

"We mtoto," Orville alisema. "Una wazimu?"

"Hapana, Baba."

"Toa kopo moja."

"Toa wewe. Lolote utakalo."

Ndipo alipolisoma lile jipya. Uso ukamwiva mpaka shingoni. "Hii nilikupa wewe, ukiwa huoni ndani ya ganda bila kupanda kwenye kreti. Sasa umekuja kunirudisha chekechea? Nani kakutuma, Stan? Yule kipara nitamtoa nje mara ya pili!"

"Stan alitaka nichukue mashine yote. Gari liko hapo nje, tupu. Ukiliacha hilo la zamani mezani, napakia kila kitu leo hii, na unaweza usiniongeleshe mpaka kufa."

"Namulika kila ganda! Maisha yangu yote namulika kila ganda!"

"Lile la Ijumaa hukulimulika, Baba."

Orville akaigeukia tochi iliyoning'inia kwenye ndoano. Kumwona hivyo kulimuuma Jolene kuliko alivyotarajia. Alitamani kuyarudisha maneno yake. Badala yake alisema lililokuwa moyoni.

"Nakuogopea. Sitaki uache. Nataka uwe hapa, ushindilie mpaka uchoke mwenyewe. Lakini naogopa simu ya Stan. Kila simu ikilia naogopa."

Mzee akashika ukingo wa meza. Kisha akachukua kopo la Barlow Safi, akakikaza kifuniko, akalipandisha rafuni. Akaenda nje na kipimo, akaimwaga baruti iliyobaki ndani yake kwenye majani, kando ya kitalu cha nyanya, kama ilivyo desturi. Aliporudi akaketi.

"Soma kitabu cha vipimo," alisema bila kumtazama. "Baruti mpya haipimwi kwa kumbukumbu."

Jolene akasoma kipimo, Orville akarekebisha, akapima kwenye mizani, akapima tena. Redio ikawashwa. Maganda yakapangwa kwenye ubao wa matundu. Kipini kikapanda, kikashuka. Taratibu mabega ya mzee yakalegea, akaanza kusimulia namna mama yake Jolene alivyowahi kuwashinda kwa shabaha wanaume wote wa klabu kwa bastola ya kuazima, akiwa na mimba ya Jolene, na jinsi alivyokataa kombe akataka nyama iliyokaushwa kwa moshi. Jolene alikuwa akiijua hadithi hiyo neno kwa neno. Alicheka palepale alipokuwa akicheka zamani.

"...akasema, kombe halikaangwi!" Orville alisema, akicheka, na akavuta kipini.

Baruti ikapanda juu ya mdomo wa ganda, ikafurika, ikamwagika kwenye vidole vyake na kutapakaa mezani.

Alikuwa ameshalitia baruti ganda lile.

Orville akaacha kucheka. Alivitazama vile vipande vya kijivu kwenye ngozi ya mkono wake. Polka iliendelea peke yake. Jolene akaweka kitabu chini. Akaenda kwenye friji la pembeni, ambalo bado lilikuwa bovu, bado lilikuwa likinguruma, na ndani yake, nyuma ya bia, zilikuwapo chupa za soda ya tangawizi. Akafungua moja, akamwekea baba yake mbele.

"Meza imesema," alisema.

Mzee akanawa mikono kwenye sinki, akarudi, akanywa.

"Ulikuwa ukimwaga makusudi," alisema. "Ukiwa mdogo. Kwa ajili ya soda."

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua tangu ya kwanza. Nilikuacha tu. Ukimwaga tulianza upya, na ukianza upya hupandi juu kulala mapema." Akaipangusa midomo. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Hii ya leo si makusudi, Jo."

"Najua, Baba."

Akanywa mpaka ikaisha. Kisha akainuka kwenye kiti chake, kiti ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukikalia, akalivuta kreti la zamani kutoka chini ya meza na kuketi juu yake, magoti yakimpanda mpaka kifuani. Akachukua tochi kwenye ndoano.

"Haya, kaa. Vuta polepole."

Jolene akaketi kwenye kiti cha baba yake, akavuta kipini. Orville akainama, akamulika ndani ya ganda, akatazama sana.

"Sawa," alisema.