Njiti ya Mama Lidia

Mama Lidia alikuwa mshairi, na katika miaka themanini na sita hakuhifadhi karatasi hata moja. Kule Urusi, enzi za ujana wake, karatasi moja ilitosha kumpeleka mumewe gerezani, na hakurudi. Tangu hapo alitunga, akamkaririsha mtu anayemwamini, kisha akachoma. Hata baada ya miaka hamsini uhamishoni, mtaani Kilburn, ambako hakuna polisi mwenye haja na mashairi ya mtu, hakuacha. Ukimwambia hivyo alikutazama kwa huruma.

Waliokariri walikufa mmoja mmoja. Akabaki Peris wa Bungoma, mlezi aliyekuja kila asubuhi kumwogesha na kumpikia uji. Peris hakujua Kirusi hata cha kuombea maji, lakini alilelewa Sunday school, ambako mtoto asiyemeza aya hali biskuti. Akafundishwa shairi la mwisho, mstari kwa mstari, pamoja na maana. Mstari ukishakaa kichwani, Mama Lidia aliweka karatasi kwenye kisahani cha majivu, na kwa kuwa mikono yake ilitetemeka, Peris ndiye aliyewasha njiti ya kiberiti.

Lilikuwa shairi la bintiye, Zoya, aliyeachiwa shangazi akiwa na miaka tisa mama alipotoroka nchi. Hawakuwa wakisemezana.

"Utamsomea wewe," alisema Mama Lidia. "Mimi atanikatia simu."

Ijumaa walifika mstari wa kumi na moja: *Zoya, nilipoufunga ule mlango*. Umebaki mmoja, akasema, ataufikiria wikendi.

Jumatatu Peris alikuta kitanda kitupu. Ranjan, jirani, akamwambia ambulensi imemchukua alfajiri. Peris akaanza kupanga nyumba huku machozi yakimlengalenga, maana mikono ikikaa bure mawazo hukutafuna. Kwenye kisahani palikuwa na karatasi. Akaiwasha, kama alivyofanya kila asubuhi. Herufi zilipoanza kujikunja ndipo akili ilipomrudia: huu mstari hajaambiwa. Akaupiga moto kwa kiganja. Aliambulia lengelenge na majivu, na kabla ya saa sita mchana Mama Lidia alikuwa amefariki.

Zoya alikuja kwa mazishi. Aliketi kwenye kiti cha mamake bila kuvua koti.

"Naambiwa hakuacha maandishi."

"Yako kwangu," Peris alisema, akasimama wima kama mtoto mbele ya kanisa, akakariri. Matamshi yake yalikwaruza, lakini Zoya aliinamisha kichwa, akasikiliza. Alipoumaliza mstari wa kumi na moja Peris akakoma.

"Endelea."

Peris alitamani kutunga, lakini kwa Kirusi kipi? "Wa mwisho aliuandika. Nikauchoma mimi, kwa mazoea. Nisamehe." Akafunua kiganja.

Zoya alikitazama kile kidonda. Alipozungumza hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Peris zaidi.

"Nilikuwa upande wa pili wa huo mlango," alisema. "Nilivisikia viatu vyake. Havikuondoka upesi. Maisha yangu yote nimetaka kujua alisimama pale akiwaza nini."

Uji ambao Peris alizoea kuupika asubuhi sasa hakuna aliyeutaka.

"Rudia," Zoya akasema.

Peris akarudia tangu mwanzo, polepole, na walipofika mlangoni wakanyamaza wote wawili.