Gari Hili ni la Kijani

Jibu la kampuni ya bima lilimfikia Florabel, mwalimu kutoka ng'ambo, Ijumaa saa saba mchana, akiwa jikoni anamsuka binti yake nywele. Lilikuwa la mstari mmoja. Alilisoma polepole, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa katika madarasa ya jioni pale hekaluni, maana Kithai chake kilikuwa bado kinatambaa. Ombi limekataliwa, maelezo ya gari hayalingani.

Kwa mtu mwingine hilo lilikuwa jambo la kungoja wiki ijayo. Kwa Florabel, wiki ijayo ndiyo ilikuwa balaa lenyewe. Shule ya watoto viziwi kule Udon ilikuwa imempa Ningning, binti yake wa miaka sita, nafasi ya mwisho ya mwanafunzi wa kutwa, na masomo yalianza Jumatatu. Sharti lilikuwa moja. Mzazi anayeleta mtoto kwa gari lake aweke ofisini nakala ya bima kubwa, si ile ya lazima ambayo humtibu majeruhi na kuishia hapo. Mwisho wa kuipokea ulikuwa leo saa kumi na moja. Asiyeleta, nafasi anapewa anayefuata kwenye orodha, na orodha ilikuwa ndefu. Basi la kutoka mji wao mdogo lilifika Udon saa nne, wenzake wakiwa wameshamaliza masomo mawili. Na bweni hakutaka hata kulifikiria, kwa sababu ni nani usiku angejua kwamba Ningning akivuta sikio anataka maji?

Mumewe alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo, na simu yake ilipatikana meli ikikaribia bandari tu. Basi alimpigia Kung, wakala aliyempelekea ombi lake, mwanamke mchangamfu aliyekuwa na meza yake chini ya mwavuli, nje ya gereji ya kukagulia magari. Kung alimpa pole. Alisema faili za wageni hutazamwa mara mbili, wala yeye hakujua ni kitu gani hakikulingana, kazi yake ilikuwa kutuma tu. Watume upya Jumatatu.

"Nipe jina la aliyekataa," alisema Florabel.

 Kung alilitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja dawa ya siri. Bwana Thawin, tawi la Udon, ghorofa ya pili. "Ila mwalimu, mimi sijakwambia kitu."

Saa nane unusu Florabel na Ningning walikuwa wameshafika Udon. Njiani hakuwasha hata redio. Kwao Iloilo, ng'ambo ya bahari, watu huendesha upande wa kulia wa barabara, huku ni kushoto, na ingawa alikuwa na miaka kumi ya kuendesha gari la kusambazia mikate la baba yake, miezi mitatu iliyopita ilibidi aanze upya kama mtoto. Kila alfajiri alikizunguka kinu cha mpunga cha jirani, mpaka walinzi wa kinu wakaanza kumpungia mkono.

Bwana Thawin alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani juu ya paji la uso na nyingine mfukoni. Alimkaribisha kwa heshima, akampa Ningning karatasi na kalamu, akalifungua faili kwenye kompyuta. Heshima ilibaki, lakini sura ikakazika.

"Mwalimu, kwenye fomu umeandika gari la kijani."

"Ndiyo."

"Picha ulizotuma ni za gari jeupe."

"Ndiyo."

"Na kadi ya gari inasema jeupe. Sasa tuambiane ukweli. Hilo la kijani liko wapi?"

"Liko hapo chini. Nimeliegesha karibu na duka la chai."

Bwana Thawin aliinuka, akaenda dirishani, akashusha miwani. Alitazama chini kwa muda. Aliporudi kitini alieleza, bila kupandisha sauti, kwamba kazi hii ameifanya miaka ishirini. Wapo watu wenye gari lililokwisha kugongwa, hupiga picha za gari zima la jirani, wakalikatia bima lile bovu. Magari mawili, fomu moja. Hakusema kwamba Florabel ni mmoja wao, ila hakusema kwamba si mmoja wao.

Ndipo Florabel alipoelewa kwamba pale hakukuwa na kosa la kalamu. Alikuwa anadhaniwa mwizi.  Akajieleza.

Gari alilinunua kwa Bibi Somjit, mwalimu mstaafu wa mtaani kwao. Nyuma, chini ya kioo, lilikuwa na stika yenye maandishi, na Bibi Somjit alimwonya asiibandue kamwe. Florabel aliisoma peke yake, bila kuuliza mtu. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kamili ya Kithai, na siku ile aliifurahia mpaka akanunua mishikaki ya kusherehekea. Ilisema: Gari hili ni la kijani. Akawaza, akawazua. Kwao mtu akibadilisha rangi ya gari lazima aiarifu serikali. Basi bila shaka gari hili lilizaliwa la kijani, likapakwa nyeupe baadaye, na stika ile ndiyo ilikuwa tangazo la kumjulisha polisi. Kadi ya gari hakuweza kuisoma, ilikuwa na maneno madogo kama sisimizi. Kwa hiyo, asije akaonekana mwongo katika nchi ya watu, alipojaza fomu aliandika kijani.

 Mama mmoja wa meza ya jirani alifunika mdomo kwa faili, mabega yakaanza kumcheza, na mara ofisi nzima ikawa inacheka. Bwana Thawin alijizuia kwa muda, akashindwa. Alivua miwani, akafuta macho.

Alimweleza kwamba Bibi Somjit bila shaka alizaliwa Jumanne. Kwa imani ya huku, waliozaliwa Jumanne rangi nyeupe huwafukuzia heri, lakini magari meupe ndiyo yanayopatikana kwa urahisi. Basi mtu hununua jeupe, akabandika stika ya kumgeuzia rangi. Hata mke wake mwenyewe alikuwa na gari jeusi lililoandikwa kuwa ni jekundu.

"Na bahati inakubali kudanganywa kirahisi hivyo?" aliuliza Florabel.

"Bahati haikagui kadi, dada," alisema yule mama wa meza ya jirani. "Sisi ndio tunaokagua."

Florabel naye alicheka, lakini jicho lake lilikuwa kwenye saa ya ukutani. Bwana Thawin aliona, akarudisha miwani. Alisema ameamini, ila yeye kuamini hakutoshi. Ombi jipya la mgeni mwenye leseni ya miezi mitatu, kwa gari lililopita miaka kumi, lazima liende makao makuu Bangkok, na Bangkok hujibu baada ya siku tatu za kazi. Tena anatoka nchi ya waendesha kulia, na hilo nalo Bangkok huliuliza.

Florabel hakulia wala hakubembeleza. Alimweleza habari ya shule kwa maneno machache, kisha akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Bwana, sikuombi lisilowezekana. Niambie tu ni lipi linalowezekana leo."

Bwana Thawin alifikiri. Lipo moja, alisema. Mkaguzi wa kampuni akiliona gari kwa macho yake na kutia sahihi, tawi linaweza kutoa hati ya mwezi mmoja, huku Bangkok wakiendelea na yao. Lakini mkaguzi aliyekuwa zamu, Lek, alikuwa nje kwenye ajali, na ajali nyingine mbili zilikuwa zinamngoja. Ijumaa hii watu waligongana kama walioahidiana. Hangerudi ofisini kabla ya saa kumi na mbili.

"Asirudi," alisema Florabel. "Mimi nitamfuata."

Bwana Thawin alimtazama yeye, akamtazama na Ningning aliyekuwa anachora samaki nyuma ya fomu ya madai. Akainua simu. Kisha aliandika mahali kwenye kikaratasi. "Hati nazitoa mpaka saa kumi na nusu. Ikifika, mtambo unajifunga wenyewe, si mimi."

Mahali pa kwanza walimkosa. Waliwakuta askari wawili na vipande vya taa barabarani, wakaambiwa Lek ameondoka dakika tano zilizopita kwa pikipiki yake. Florabel alimpigia. Upande wa pili sauti nzito ilisema yuko soko la matunda, barabara ya kituo cha treni. Aligeuza gari. Saa ilikuwa tisa na dakika arobaini.

Lek maana yake mdogo, lakini mtu mwenyewe alikuwa mkubwa kama kabati la nguo. Alisimama kati ya gari la matikiti na gari dogo lililobonyea ubavuni, akiandika, huku wenye magari wakirushiana maneno juu ya kichwa cha kalamu yake. Mwenye matikiti alisema mwenzake anaendesha kama anayechota maji gizani. Mwenye gari dogo, mwanamke aliyevaa sare ya benki, alisema tikiti lina akili kuliko mwenyewe. Lek alimwambia Florabel kwamba amepata habari zake, ila hawa wametangulia, na picha zao na maelezo yao ni nusu saa.

Nusu saa hakuwa nayo. Basi aliwageukia wale wawili, akaunganisha viganja mbele ya uso, akainama. Aliomba dakika kumi zao. Aliwaambia mtoto ni huyu, shule ni ile, na mlango unafungwa leo.

"Gari langu limegongwa, sasa na foleni yangu nayo igongwe?" alisema mwenye matikiti.

"Mpishe, kaka," alisema yule wa benki. "Sisi tunaikimbilia bima baada ya ajali. Huyu anaikimbilia kabla."

Ilikuwa mara ya kwanza kwao kukubaliana. Mwenye matikiti aliguna, akaokota tikiti lililopasuka, akakata kipande na kumpa Ningning.

Lek alianza kazi. Aligonga boneti, akapiga picha pande nne, akawasha na kuzima indiketa, akalala kifudifudi kutafuta namba ya chesisi mpaka tumbo likamzuia, ikabidi Florabel ashike simu na kuipiga picha yeye. Taa ya nyuma ilikuwa na ufa, akauandika. Kisha akajibana kiti cha mbele, gari likainama upande mmoja.

"Bangkok watauliza kama unajua kushoto," alisema. "Nizungushe."

Alimzungusha, Ningning akiwa kiti cha nyuma na tikiti lake. Alipita sokoni katikati ya mikokoteni, akaingia kwenye mzunguko wa mnara wa saa uliojaa magari ya jioni, pale ambapo mkono wa mgeni husahau na kurudi kwao.  Florabel aliona mguu wa Lek ukitafuta breki isiyokuwapo. Walitoka upande wa pili salama, akamrudisha kwenye matikiti yale yale.

"Nani kakufundisha?"

"Kinu cha mpunga."

Lek alitikisa kichwa kukubali, akatia sahihi kwa kidole kwenye simu, akatuma. Kisha aliwarudia wagomvi wake, ambao sasa walikuwa wamekaa kwenye bampa moja wakila tikiti.

Saa kumi na dakika ishirini na mbili hati iliingia kwenye simu yake. Florabel aliisoma mara moja tu, jina, namba, rangi, akakimbilia duka la vitabu kuichapisha.

Ofisi ya shule ilikuwa bado wazi. Mwalimu wa mapokezi alikuwa kiziwi mwenyewe, mwanamke mwembamba mwenye mvi chache. Aliipokea karatasi, akaipiga muhuri, akaitoboa na kuiweka kwenye jalada lenye jina la Ningning. Halafu akainama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto, akaonyesha ishara moja kwa mkono, taratibu, mara mbili. Kalenda ilikuwa ukutani, na kidole chake kiligusa siku: Jumatatu.

Florabel alijaribu kuiga ishara ile. Vidole vilikataa. Ningning alimtazama mama yake, akautwaa mkono wake, akamkunja kidole kimoja, akamnyoosha kingine, mpaka ikakaa sawa. Kisha akaifanya yeye mwenyewe, mara moja tu, bila kosa.