Uchaguzi wa Makasia Mwaloni Lamadi

Mwezi uliopita waliniita Bariadi kwenye semina ya viongozi wa michezo, wakanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa cheupe kama bibi harusi. Kijana mmoja wa suti akasimama kueleza maendeleo ya Shirikisho la Dunia la Michezo ya Kasia. Wanawake sasa wanashindana umbali uleule na wanaume, nchi zetu zina viti kwenye kamati kuu, viongozi wana ukomo wa miaka. Akaongeza kwamba sisi hapa tuliwatangulia wengi, maana Lamadi ilipata mwenyekiti mwanamke tangu mwaka tisini na sita, kwa amani na kwa utamaduni wa Kisukuma. Watu wakapiga makofi. Mimi soda ilinipalia ikatokea puani. Kwa amani! Mimi Mektilda nilikuwepo, pengo hili mnaloliona mdomoni ni la siku hiyo, kwa hiyo niacheni niseme.

Wakati ule Mkoa wa Simiyu haujazaliwa. Lamadi tulikuwa Wilaya ya Magu, na ruksa ya biashara huria ilikuwa imefika mpaka ziwani. Magari ya barafu yalitoka Mwanza kufuata sangara wa viwandani, vijana waliokuwa wakitembea pekupeku wakawa na redio begani, na kila mwenye mtumbwi alitaka kufunga injini. Makasia yakabaki ya mashindano. Kila mwaka, pamba ikishavunwa na ngoma zimeanza, mitumbwi ilishindana mwaloni kwetu, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki. Mashindano yalikuwa na chama, na chama kilikuwa na mwenyewe, jina lake Masunga.

Masunga alitokea upande wa Bariadi. Kabla ya kuja kununua samaki aliwahi kuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi, huko, na chama chetu alikiendesha vilevile alivyozoea kuendesha wezi wa ng'ombe. Ukichelewa mazoezini, viboko. Ukishindwa, viboko. Ukijibu, Mungu akusaidie. Hakuna aliyempigia kura, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Ila tulishinda, hilo siwezi kumnyima. Tulishinda kila mwaka, ndiyo maana watu walimvumilia.

Mwaka tisini na tano tukashindwa na watu wa Nyamikoma. Mdogo wangu Salu ndiye aliyekaa mbele kabisa ya mtumbwi, yule ambaye wenzake wote hufuata mkono wake. Masunga alimwita mbele ya umati akamwamuru aweke mkono wa kulia kwenye ukingo wa mtumbwi. Salu akauweka. Angeweza kukimbia, miguu alikuwa nayo, lakini akauweka, kwa sababu tulikuwa tumeshazoezwa hivyo. Masunga akauponda kwa kasia, akauponda tena, mpaka mfupa ukasikika. Na sisi tulisimama tunaangalia, mimi dada mtu nikiwemo. Vidole vile havikukunjika tena. Salu hakukanyaga mwaloni tangu siku hiyo. Alikaa uani akisikiliza injini kwa mbali, na ugali alilishwa na mkewe.

Mkewe ndiye Generoza, wifi yangu. Tulikaanga samaki kwenye karai moja na kutukanana kutwa nzima, kama mawifi wanavyotakiwa. Mimi nilimwita mwizi aliyenichukulia mdogo wangu, yeye akaniita mchawi niliyekosa mume. Hayo yalikuwa maneno tu. Generoza hakuwa mtu wa kugombana. Hata kuku alikuwa akimpelekea jirani amchinjie, yeye akiangalia pembeni.

Basi mwaka uliofuata akaja bwana mmoja kutoka Mwanza anaitwa Constantine, kofia ya shirikisho kichwani, tai shingoni kwenye jua lile. Alikuwa ametoka Ulaya kwenye mkutano mkuu wao. Alitukusanya mwaloni akatueleza kwamba shirikisho limefanya uchaguzi, mzee aliyeling'ang'ania miaka na miaka ametolewa kwa kura, na viongozi wapya wanataka michezo ya kasia ifike kwenye maziwa ya Afrika. Watatuletea mitumbwi ya faiba, myepesi, ya mashindano hasa, na wapiga kasia wetu watapelekwa nje. Masharti ni kwamba chama kiwe na mtumbwi wa wanawake, na mwenyekiti achaguliwe na wananchi. Lazima pawe na mtu wa kushindana naye.

Masunga alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka akauliza nani anataka kushindana naye. Wanaume wazima waliangalia vidole vyao vya miguu. Halafu nyuma yangu nikasikia sauti ikisema, "Mimi." Nikageuka kuona ni mwendawazimu gani huyo, nikamkuta wifi yangu, magamba ya samaki yamemjaa mpaka viwikoni.

Jioni ile Salu alimbembeleza sana. Alimwambia mkono mmoja umetosha kwenye nyumba hii, asiende kumwachia Masunga wa pili. Generoza alikuwa akimkatia samaki vipande vidogo, hakuinua uso. "Nataka urudi mwaloni," alisema. "Nataka utembee pale bila kumwogopa mtu. Sitaki kingine." Mimi nikaingia kwenye mtumbwi wa wanawake siku ileile.

Constantine alikuja na boksi la sabuni lililotobolewa juu, la kupigia kura ya siri. Masunga akalikataa. Alisema Wasukuma hawachagui kwa kujificha, wanachagua kama kwenye ngoma. Na kweli, kwenye ngoma ndivyo ilivyo. Wagika, kundi moja la ngoma, wanacheza upande wao, Wagalu, mahasimu wao, upande wao, siku moja, uwanja mmoja, na hakuna mwamuzi. Watu wenyewe wanahamia kwenye moto, kule ngoma ilikokolea. Atakayebaki na uwanja mtupu ameshindwa, hata kama alicheza vizuri. Basi mitumbwi ishindane kwanza, alisema Masunga, kisha ivutwe mchangani, mmoja huku na mmoja kule, na kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka.

Constantine alifurahi mno. Alisema hiyo ni demokrasia ya asili na Ulaya watapenda kuisikia. Msomi yule! Hakujua kwamba Masunga alikuwa anataka jambo moja tu, kumwona kwa macho yake kila atakayevuka kwenda upande wa Generoza. Sisi tulijua. Lakini Generoza alisema tukimshinda majini watu watavuka, kwa sababu watu wanafuata moto. Tukafanya mazoezi mpaka viganja vikachunika. Mwenzetu Anna alisali rozari kwenye mtumbwi, na mimi kimyakimya nikaenda kwa mganga kuchukua dawa ya kupaka chini ya mtumbwi, kama mbaya na iwe mbaya.

Siku yenyewe watu walijaa kutoka Kiloleli mpaka Lamadi yote. Salu naye alikuja. Alisimama nyuma kabisa, mkono umefungwa kwa kanga, uso umemkauka. Generoza alipomwona aliinua kasia lake juu kidogo, kisha akakaa nyuma ya mtumbwi kwenye usukani. Mbele alikaa Lucy, akafuata Anna, mimi nyuma ya Anna. Masunga alishika usukani wa mtumbwi wake, na kiboko chake amekichomeka mkandani.

Filimbi ikalia. Tulitakiwa kwenda mpaka kwenye dumu la njano lililofungwa jiwe, tuzunguke, turudi. Mtumbwi wetu ulikuwa mwepesi, na Lucy alitoa mwendo mpaka nikahisi kifua kinawaka. Tukafika kwenye dumu tumewatangulia. Nilisikia vigelegele pwani, nikasema moyoni leo ndiyo leo.

Tukiwa tunazunguka, Masunga alituelekezea mtumbwi wake ubavuni. Ulitugonga tukayumba, na wanaume wake wakainua makasia. La kwanza lilimpata Anna nyuma ya sikio. Alinilalia mapajani, damu inatoka sikioni, na sikio hilo halikusikia tena mpaka leo. Mimi nilipigwa mdomoni, jino likang'oka nikalimeza. Nikamkamata yule aliyenipiga, nikamvuta kwa shati, nikamng'ata bega mpaka nikasikia nyama, akaangukia majini. Lucy alikuwa akipiga watu viwiko huku analia kwa hasira. Kwetu waliovunjika mikono, wapo. Na Masunga muda wote amekaa nyuma, anaangalia kazi inavyoendelea.

Generoza akatuita kwa majina, mmoja mmoja, akasema pigeni kasia. Tukajisukuma tukatoka. Walioweza wakapiga, wasioweza wakalala juu ya wenzao. Tulifika pwani tumewatangulia kidogo tu, tukauvuta mtumbwi mchangani, na upande wetu hapakuwa na mtu hata mmoja. Umati mzima ulikuwa umesimama upande wa Masunga. Walituona tulivyopigwa, walituona tumetangulia, na bado hawakuvuka. Niliwatukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu.

Masunga alishuka na kiboko mkononi, akaja moja kwa moja kwa Generoza. Pigo la kwanza lilimchana shavu. La pili lilimzunguka shingoni. La tatu hakulimaliza, maana Generoza alimpiga kasia la goti, na goti likaenda upande ambao magoti hayaendi. Masunga akaanguka. Hakuwa amewahi kuanguka mbele ya watu, nadhani hakujua mtu akianguka anafanya nini. Generoza akampiga begani, akampiga mgongoni, akampiga kila alipojaribu kuinuka. Alipiga bila kelele, anahema tu, kama mtu anayetwanga.

Hapo ndipo watu walipoanza kuvuka. Kwanza mama mmoja muuza dagaa. Kisha vijana watatu. Kisha ikawa kama maji yamepasua tuta, watu wanakanyagana kuja upande wetu, wanaimba jina la Generoza, wanarusha mchanga juu. Na mimi, mdomo umejaa damu, nilipiga vigelegele kuliko wote. Nilikuwa na furaha, nisiwadanganye. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Generoza alimburuta Masunga kwa ukosi mpaka kwenye mtumbwi wake.

"Weka mkono," akamwambia.

Masunga akauweka. Haki ya Mungu, aliuweka mwenyewe kwenye ukingo, taratibu, kama Salu alivyouweka wake. Generoza akauponda. Umati ukaitikia kila pigo, na mfupa ulipolia wakashangilia kama timu imefunga goli.

Constantine alikuwa amejifungia kwenye gari. Alipoona mambo yametulia akashuka, akauliza kama huyu mama ndiye chaguo la wananchi. Wananchi wakanguruma. Akampa Generoza mkono, akasema shirikisho litajivunia, maana atakuwa mwenyekiti mwanamke wa kwanza upande wetu wa ziwa. Vijana wakawa wameshawakamata wapiga kasia wa Masunga, wamewapigisha magoti mchangani. Mmoja akaokota kile kiboko, akampelekea Generoza kwa mikono miwili na heshima zote, akamwita mayu, yaani mama, akauliza hawa tuwafanyeje.

Nilijua atasema waacheni. Ningeweka kichwa changu rehani. Damu ya shavuni ilikuwa imemshuka mpaka kwenye blauzi, macho yamemtoka, anapepesuka kwa uchovu. Aliwaangalia wale wanaume kwa muda.

"Wachapeni," akasema.

Wakachapwa. Mayowe yalienda mpaka barabarani kwenye mabasi ya Musoma, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kuna tatizo. Wengine walikuwa wanacheza.

Ndipo nikamwona Salu. Watu wote walikuwa wamevuka, upande wa pili uwanja ulikuwa mtupu, na katikati ya utupu ule alisimama mdogo wangu peke yake, karibu na Masunga aliyelala chini anagugumia kwa maumivu. Nilidhani hajaelewa. Nilimpungia aje, nikamwita kwa jina, nikamwambia tumeshinda. Hakusogea.

Generoza naye alimwona. Uso wake wote ukabadilika, akawa tena yule wifi yangu wa kwenye karai la samaki. Akawapasua watu akaenda kwake, anatabasamu na lile shavu lililochanika, kasia bado ameshika, nadhani hakujua kwamba amelishika. Alipomfikia alinyoosha mkono kumshika ule mkono wake mbovu.

Salu alichutama. Alichutama pale pale mchangani, akaingiza kichwa kati ya magoti, akauinua mkono wa kanga juu ya utosi kujikinga.

Nilikimbia mpaka pale, nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia inuka, hakuna wa kukupiga. "Salu, ni mkeo huyu. Ni Generoza."

"Namwona," akasema, na mkono hakuushusha.