Salamu ya Kanini

Mashine ilinguruma kidogo, kama paka aliyeshiba, na mkono wa mdogo wangu Kanini ukapanda bila mimi.

Nilikuwa mahali pangu, nyuma ya kiti chake cha magurudumu, upande wa kulia. Vidole vyangu vilikuwa vimeshajikunja kushika kiwiko chake. Lakini kiwiko kilikuwa kimelala ndani ya mkono mwingine, mweupe, wa mikanda na mota, ambao haukuchoka wala kutetemeka.

"Mutanu, leo dereva ni mwingine!" Ngatia, bawabu wa kituo cha tiba ya viungo, alinitania kutoka mlangoni. "Wewe umefutwa kazi."

Watu wakacheka. Nikacheka nao, midomo tu.

Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Kazi yenyewe niliianza nikiwa darasa la sita, mama alipopata kibanda cha mboga sokoni Nyeri na Kanini akakosa wa kukaa naye. Sare yangu ikabaki msumarini. Jumapili, watu wakisalimiana nje ya kanisa, nilisimama nyuma ya mdogo wangu, nikauinua mkono wake, nikaupeleka kwa mchungaji, kwa akina mama, kwa watoto wa kambi ya polisi tulikoishi. "Huyu ako na adabu," walisema. Mimi niliyeogopa hata kumtazama mtu machoni niliihesabu nusu ya sifa hiyo kuwa yangu. Na hakuna aliyetaka salamu yangu.

Sasa, pale kituoni, Kanini alimpa mkono Wendy, mtaalamu wa viungo. Akampa Ngatia. Akampa mama mmoja aliyemleta mwanawe kutoka Gakindu. Kila mara aliangua kicheko.

"Umeweza, mrembo wangu!" Wendy alisema.

Wangu! Nilisimama pale nikiomba umeme upotee, kama unavyopotea kwetu mvua ikianza tu.

Haukupotea.

"Dada?" Kanini aliita. Mkono ulikuwa hewani, ukienda kushoto, ukirudi kulia, ukitafuta.

"Niko hapa."

"Wapi?"

"Nyuma yako."

"Sasa huko nyuma atakusalimia aje?" Wendy akauliza. "Ebu kuja mbele, Mutanu."

Nikazunguka kiti. Kanini alinitazama, akakaza shingo kuiamuru mashine, ikanguruma, na mkono ukanijia polepole mpaka ukasimama mbele ya tumbo langu. Ikabidi nikumbuke kutoa wangu.

"Habari yako?" aliniuliza, kwa ile sauti yake ya kanisani, kama mtu na mgeni wake.

Mkono ule nilikuwa nimeuosha, nimeukata kucha, nimeukanda ukiuma. Lakini salamu yake sikuwa nimewahi kuipokea. Mtaa mzima uliijua, isipokuwa mimi.

"Mzuri," nikamjibu, macho chini, kama ninavyowajibu watu nisiowajua.