Mwanasesere Mchangani

Kwa wiki nzima Swafiya hakugusa kitu kingine. Saa nne asubuhi watoto walipofunguliwa kwenda nje, wenzake walikimbilia bembea na matairi, yeye akaenda moja kwa moja kwenye mchanga, mkononi ameshika mwanasesere na kitambaa cheupe alichokitoa kwenye jiko la kuchezea. Alimviringisha mwanasesere, akamlaza kwenye kishimo, akamfukia. Kisha alichukua kipande cha ubao, akakiweka sikioni.

"Haloo, Mama? Umefika?"

Alisikiliza kwa muda mrefu. Halafu akaiweka simu yake chini, akamfukua mwanasesere, akaanza upya.

Mukasine, msaidizi wa darasa, hakulipenda jambo hilo. "Mwalimu, tumfiche huyo mwanasesere," alimwambia Umutoni. "Jana mama yake Pretty aliniuliza kama siku hizi tunafundisha mazishi."

"Tukimficha, atatafuta kijiti," Umutoni alijibu. "Mwache kwanza. Kuna kitu anatuambia."

Umutoni alikulia Mwanza, na huu ulikuwa mwaka wake wa tisa katika shule hiyo ya awali ya kimataifa, huko Kicukiro, ambako watoto hujifunza kwa kucheza mpaka wafikishe miaka sita. Alijua kwamba mama yake Swafiya alifariki miezi mitatu iliyopita kwa maradhi ya figo. Ambacho hakukijua ni kile mtoto alichoambiwa nyumbani. Mchana huo alimpigia simu Usumani, baba wa mtoto.

Kesho yake Usumani alifika kwa pikipiki, tepi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Shule hii hakuichagua yeye. Marehemu mkewe, Zulfa, ndiye aliyeipenda, na baada ya mazishi Usumani hakuwa na moyo wa kumhamisha mtoto.

"Karibu, Baba Swafiya," alisema Umutoni.

"Ahsante, mwalimu. Nadhani umeniita kwa ajili ya herufi." Alikaa ukingoni mwa benchi. "Watoto wa kaka yangu kule Masaka wana umri huohuo, wanaandika majina yao. Huyu wangu kila siku ananiletea majani na mchanga kwenye mfuko."

"Herufi zitakuja, usijali. Leo nakuomba tukae hapa barazani tumtazame tu."

Wakakaa. Swafiya alikuwa ameshapiga magoti mchangani. Siku hiyo alikuwa na utepe, akamwomba Ganza, rafiki yake wa darasani, amshikie mwanasesere. Akafunga utepe juu ya kichwa, akafunga kiunoni, akafunga chini ya miguu. Alifunga taratibu, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, kama baba yake anapotunga uzi kwenye sindano.

Usumani alisimama ghafla.

"Nani amemwonyesha kufunga sanda?"

"Si sisi," alisema Umutoni.

"Siku ile ya mazishi nilimpeleka kwa jirani. Nilimwambia jirani asimtoe ndani mpaka tuondoke." Alikaa tena polepole. "Lakini dirisha la jirani linatazama uani kwetu."

Kule mchangani Swafiya alikuwa ameshika simu yake. "Haloo, Mama? Umefika?"

Umutoni alimgeukia. "Ulimwambia mama yake yuko wapi?"

"Nilimwambia amesafiri." Usumani alijifuta uso kwa kiganja. "Ningesema nini, mwalimu? Ana miaka mitano."

"Sikulaumu, Baba Swafiya. Ila aliyaona yale, na anakuamini wewe. Sasa anahangaika peke yake, hajui ashike lipi."

Usumani alivua viatu, akaviweka kando ya benchi, akashuka mchangani. Umutoni alimwita Ganza taratibu, akamwonyesha bembea iliyokuwa wazi. Yeye mwenyewe akabaki karibu.

Swafiya aliinua macho. "Baba! Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kucheza na wewe. Nicheze kama nani?"

Mtoto alifikiri. "Wewe uwe baba. Kaa pale. Usilie."

Usumani alikaa pale alipoonyeshwa, magoti yakiwa karibu na kidevu. Alijitahidi, lakini machozi yalikuja.

"Nimesema usilie," Swafiya alimkumbusha.

"Nimeshindwa, mwanangu. Njoo hapa." Akamweka mapajani. "Nilikuambia Mama amesafiri. Nilikosea. Mama hakusafiri. Mama aliugua sana, akafa. Tulimzika."

Swafiya alimtazama mwanasesere. "Kwa kitambaa cheupe."

"Ndiyo. Kwa kitambaa cheupe."

"Sasa anakula nini kule chini?"

"Mtu akifa hasikii njaa. Wala haumwi tena."

"Atarudi Idi?"

"Hapana, mama."

"Idi ile nyingine?"

Usumani alitikisa kichwa. Midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka, na kilio kilichokuwa hakijasikika shuleni hapo kwa miezi mitatu kikatoka chote. Alilia huku ameing'ang'ania tepi ya baba yake. Usumani alimpakata, akimwita kwa jina tu, tena na tena. Mukasine alitoka na bilauri ya maji, akaiweka kimya kwenye mchanga kando yao, akasita, kisha naye akakaa chini.

Wiki iliyofuata Swafiya alimfukia mwanasesere mara mbili tu, na hakupiga simu. Jumatano Umutoni alimkuta anajenga daraja la matofali ya mbao pamoja na Ganza na Pretty, wakigombana kwa sauti juu ya nani apite kwanza.

Jumamosi Usumani alimpeleka makaburini. Swafiya aliketi kwenye nyasi, akamweleza mama yake habari za darasa lao, maneno ya Kiswahili yakichanganyika na ya Kinyarwanda: sungura aliyezaa, Ganza aliyeng'oka jino, Mukasine anayekoroma watoto wakilala mchana. Usumani hakuzijua habari hizo. Alisikiliza zote.

Baadaye mtoto alisema ana njaa. Walinunua maandazi njiani, wakayala wakitembea, na Swafiya akaendelea kusimulia, mdomo umejaa.