Safu Iliyolegea Ndani ya Injini

Usiku wa jana niliota nimeingia ndani ya injini ya gari linalobeba wagonjwa wa mtaa wetu. Fundi Mbarouk alikuwa ameshalihukumu: cheni ya taimingi, ile inayoziinua valvu kwa wakati wake, imelegea, injini inagonga kila asubuhi, basi liuzwe chuma chakavu. Bila gari hilo, Bi Zulekha hafiki hospitali kusafishwa figo.

Nilivua viatu mlangoni. Ndani mlikuwa na msikiti wenye sakafu ya alumini. Pete za cheni zilisimama safu moja, na baina ya pete na mwenziwe palikuwa na mwanya wa kupita paka.

Paka akapita.

Niliuliza kulikoni. Pete moja kongwe ikanieleza kwa adabu kwamba hakukatika hata mmoja wao. Oili chafu imewala viungo kidogo kidogo, hata safu ikarefuka. Sasa ishara huchelewa. Shafti iongozayo huinuka, valvu zinazoifuata zingali zimesujudu, na pistoni zikija juu hugongana nazo vichwa.

Mara nimo sokoni. Injini inaning'inia kwenye mizani, na Mbarouk amesimama kando ameshika sanda.

"Shehe, limekufa hili. Tulizike."

"Maiti hagongi, mwanangu."

Mbarouk anafikiri, kisha anaikunja sanda.

Nikarudi mbele ya safu, nikasema nisemalo kila siku kabla ya sala: "Nyoosheni safu, zibeni mianya."

"Sisi hatunyooki tena," ikasema pete kongwe. "Ita wengine."

Wakongwe wakatoka kwa mguu wa kushoto, kama itakiwavyo. Zikaingia pete mpya, zingali na karatasi za dukani, zikasimama bega kwa bega. Ulibaki mwanya mmoja. Nikauziba mimi, kidole changu cha mguu kikigusana na cha jirani yangu wa chuma. Oili mpya ikatushukia, rangi ya asali. Shafti ikainuka, valvu zikainuka nayo, wala haikuchelewa hata moja.

Adhana ikaniamsha. Nilipotawadha, kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikataa kushika maji. Nikakinusa: oili, tena mpya.

Jua lilipotoka, Mbarouk aliniita uani. "Shehe, njoo usikilize."

Nikaenda. Boneti lilikuwa wazi, feni inazunguka, Bi Zulekha ameshaketi kiti cha mbele na mkoba wake mapajani. Hapakuwa na mlio wa kugonga wa kusikiliza.