Matairi Aliyoyaomba

Hakuwa na koti la mvua lisilovuja. Hakuwa na kioo cha kushoto, hakuwa na honi, hakuwa na wa kumpokea zamu mgongo ukimkaza. Goti la kulia lisilouma hakuwa nalo tangu wiki iliyopita, pikipiki ilipomtupa kwenye lami yenye maji. Na asubuhi hii, akiwa amechuchumaa mbele ya kibanda cha fundi wa matairi, hakuwa hata na pikipiki inayosimama. Yake ilikuwa juu ya kreti, imevuliwa magurudumu yote mawili.

Kalamu tu ndiyo aliyokuwa nayo, mfukoni mwa shati, na ndiyo iliyompa jina. Alikuwa tarishi wa kituo cha afya, lakini alisoma shule ya usiku akiwa na watoto watatu, na tangu hapo hakuna barua iliyotoka kituoni bila kupita mkononi mwake. Kila siku alishusha chupa za damu na bahasha hadi hospitali kubwa iliyo chini ya mlima. Kona thelathini na moja. Alikuwa amebakiza misimu miwili ya mvua astaafu.

"La nyuma limekwisha, mzee," fundi alisema. "Limebaki kipara kama wewe."

"Kipara changu kinashika kofia. Hicho hakishiki kitu."

"La mbele lina uhai. Msimu huu mzima litakupeleka. Badilisha la nyuma tu." Fundi akaweka mapya mawili chini. "Hili la meno marefu ni la tope. Kwenye lami linasimama kwa ncha, kama mtu aliyevaa visigino virefu kwenye sakafu iliyopigwa deki. Hili la mifereji ndilo lako. Maji yana njia ya kutokea, mpira unabaki na barabara."

Kalamu alibonyeza mpira kwa kidole gumba, akapitisha ukucha ndani ya mfereji, akaandika saizi na aina kwenye daftari lake. Kununua hapo hakuweza. Pikipiki ya kituo huvaa tairi la stoo; ukianguka na tairi la nje, umejiangusha mwenyewe, na hakuna wa kukutibia goti. Akayatia matairi yake yote mawili begani, kwa kuwa stoo hawatoi jipya bila kuyaona ya zamani yote mawili, akaenda.

"Karibu, baba," alisema mama stoo, akitafuta funguo. "Leo nina habari yako njema. Mzigo wako umefika."

"Mzigo gani?"

Akafungua mlango. Harufu ya mpira mpya ikawapiga usoni. Matairi arobaini yalipangwa hadi darini, na yote yalikuwa ya meno marefu.

"Chagua upendalo."

"Yote ni mamoja, mama."

"Ndiyo maana nasema chagua. Hutakosea."

"Nani aliyeagiza haya?"

Mama stoo alitoa faili, akalifungua mbele yake. Kalamu akavaa miwani. Ilikuwa barua ya miaka tisa iliyopita, enzi barabara ilipokuwa tope tupu, na mwandiko ulikuwa wake.

"Kwa heshima na taadhima," ilisema, "tunaomba kituo hiki kisiletewe tena matairi ya aina nyingine yoyote. Barabara yetu haina lami wala haitarajii lami. Tairi lisilo na meno huku kwetu ni sawa na kulima kwa kijiko." Chini, kwa wino mwekundu, mkubwa fulani alikuwa ameandika: Imekubaliwa. Isibadilishwe.

Akaisoma mara ya pili. Mara hii hakusoma kwa haja. Alisoma kwa utamu, maana hakuona neno la kuongeza wala la kupunguza. Alipofika kwenye kijiko ndipo aliposikia msumeno.

Mama stoo alikuwa ameinama juu ya matairi ya zamani, akiyakata kama kanuni inavyotaka, yasije yakarudi kwa mlango mwingine. Alikuwa ameanza na la mbele.

"Mama, hilo lilikuwa zima."

"Yanaingia jozi, yanatoka jozi, baba. Si wewe uliyenisomea kanuni hizi nilipoajiriwa?"

Kalamu alitoa kalamu mfukoni. Alitia sahihi, akabeba mapya.

Fundi aliyatazama, akachukua vyuma vyake, akaanza kuyavisha. Alipomaliza la pili ndipo aliponena.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri."

"Kwenye kona usiegemee. Breki ya mbele isahau. Kukinyesha, shuka usukume."

"Kona thelathini na moja? Damu itafika imekuwa uji."

"Basi omba kusinyeshe."

Mvua za msimu zilikuwa zimebakiza siku tisa kuanza. Kalamu aliketi kwenye kreti iliyokuwa tupu sasa, akaweka daftari juu ya goti zima. "Kwa heshima na taadhima," aliandika, kisha akasimamisha mkono. Akihesabu kwa mwendo wa ile ya kwanza, miaka tisa, jibu lingemkuta nyumbani, mzee wa miaka sitini na saba, na barabara yenyewe huenda ingekuwa imerudi tope. Aliichana karatasi. Aliandika nyingine, akaichana pia, kwa sababu ilikuwa nzuri mno.

Ya tatu ilikuwa fupi. "Barabara imewekwa lami. Msilete tairi lolote kabla ya kumwuliza atakayeliendesha siku hiyo. Si lazima awe mimi."

Bahasha haikuwa na gundi. Fundi akampa kopo la gundi ya pancha, naye Kalamu akapaka ukingo, akaukandamiza kwa kidole gumba mpaka ukashika. Akaandika anwani ya makao makuu, kupitia hospitali kubwa, kisha akaitumbukiza mkobani, ubavuni mwa chupa za damu za siku hiyo.

Matairi mapya yalinguruma juu ya lami kavu. Katika kona ya kwanza fundi alimwona kwa mbali, mgongo wima kama aliyejitwika mtungi uliojaa, akizungusha usukani pole pole, haegemei kulia wala kushoto. Na barua ikashuka naye.